Darubini ya Shemeji

Mimi sikuomba darubini. Niliomba jaketi, na meseji ninazo. Shemeji yangu anahangaika Sauzi miaka mingi, na akirudi Kyela na lile begi lake la mistari nyumba nzima tunapanga foleni kama siku ya chanjo. Mama mkwe akapata blanketi. Mama watoto akapata viatu. Kuna mtoto wa jirani, wala si ndugu, alikuja tu kuazima ndoo, naye akaondoka na kofia. Ikafika zamu yangu. Begi limebaki hewa. Shemeji akapekua, akapekua tena, akatoa bomba jeusi lenye kioo huku na kioo huku.

"Shemeji, hii ni darubini. Utaona mpaka Malawi."

Sasa mtu wa Kyela anahitaji darubini ya nini kuona Malawi? Unapanda boda mpaka Kasumulu, unavuka daraja la mto Songwe, umefika. Lakini shemeji hajibiwi hivyo mbele ya dada yake. Nikasema asante. Nikapokea kwa mikono miwili.

Pembeni ya bomba pameandikwa 4x32. Mimi hesabu sikuzikimbia zote. Nne mara thelathini na mbili ni 128. Nikatembea na hiyo namba hadi kijiweni, nikawatangazia kwamba nina mtambo unaovuta kitu mara 128. Hakuna aliyebisha. Hata Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fizikia maisha yake yote, alikunywa chai yake kimya. Nikajua nimemweza.

Katikati ya bomba kuna vitufe viwili vya kuzungusha. Nilivizungusha vyote. Hakikubadilika kitu cha maana, nikadhani vimekufa. Na ukichungulia ndani unakutana na msalaba. Nyuzi nyembamba katikati, halafu kadiri zinavyokwenda pembeni zinanenepa. Nikasema ni alama ya kiwandani, ya kusaidia picha isikae upande. Shemeji naye hakusema lolote. Na mimi sikuuliza, maana ukiuliza sana zawadi inaonekana huipendi.

Kamera nilikuwa nayo tayari. Casio Exilim EX-FC100, ile ndogo ya mwaka 2009, inaingia mfuko wa shati. Niliinunua mtumba kwa fundi simu. Fundi akanieleza kwamba inachukua video ya mwendo wa pole. Nikamwomba apunguze bei, si ameshakiri kwamba ni mbovu? Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanifundisha. Video ya kawaida ni picha 30 kwa kila sekunde, zinapita haraka jicho linadanganyika. Kamera hii ina uwezo wa kupiga 210, au 420, au 1000 kwa sekunde ileile moja. Halafu inakuonyesha kwa mwendo uleule wa 30. Kwa hiyo ukipiga kwa 210, sekunde yako moja inavutika kuwa saba. Ukipiga kwa 1000, sekunde moja unaiangalia zaidi ya nusu dakika. Fundi akamwaga tone la maji kwenye kifuniko cha soda, akarekodi, akanionyesha. Tone linaanguka, linafanya shimo, shimo linatoa taji, taji linatoa tone jingine. Nikalipa bei aliyotaka. Casio wenyewe walijitoa kwenye biashara ya kamera hizi ndogo mwaka 2018, kwa hiyo chaja ikifa ndiyo msiba. Hilo fundi alinieleza baada ya kuhesabu hela.

Yote haya yangebaki kabatini. Tatizo ni kijiwe. Siku hiyo ukazuka ubishi: yule tai wa ziwani, mwenye kichwa cheupe na sauti ya kuita mtu ng'ambo, furukombe, anadaka samaki kwa mdomo au kwa miguu? Dereva mmoja wa boda akasema kwa mdomo, ameona kwa macho yake pale Matema. Mwalimu akasema kwa miguu, na chini ya vidole vyake kuna miba midogo ya kuzuia samaki asiteleze. Boda akasema Mwalimu huyo ndege amemwona kitabuni. Maneno yakapanda. Dau likawekwa: atakayeshindwa ananunua wali wa Kyela kwa mbasa, sahani iliyojaa. Na mimi, ambaye sikuulizwa, ambaye sikuwa na upande, mdomo wangu ukasema: "Tulieni. Ushahidi nitaleta mimi. Ushahidi ukikosekana, nalipa."

Ndugu msomaji, nani alinituma?

Nikaanza mazoezi nyumbani. Nikabandika kamera kwenye kioo cha bomba. Giza. Katikati ya giza kuna kadoa ka mwanga. Nikasogeza kamera nyuma kidogo, doa likakua. Nikasogeza tena, nikamwona kuku wa jirani mzima mzima, na msalaba kifuani. Kumbe lazima kamera ikae mbali na kioo, karibu upana wa kiganja. Kwa nini, sikujua. Bomba la watu, wana sababu zao. Lakini mkono wa binadamu hauwezi kushika bomba huku na kamera kule, na katikati pengo, bila kutetemeka. Ukitetemeka kidogo kuku anaruka mpaka kwa jirani mwingine.

Nikakata mwanzi kwenye uzio wa banda la kuku. Pingili moja nene, bomba linaingia upande huu, kamera inaegemea upande ule, giza la ndani linazuia mwanga wa pembeni. Akili hiyo. Nikafunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikawasha kamera. Lenzi ya kamera hizi hutoka nje ukiwasha. Ikatoka, ikagonga mwanzi, ikalia krrr, ikaandika kizungu cha kulalamika, ikazima. Nikakata mwanzi mwingine, mrefu kidogo. Krrr. Nikakata mwingine. Mama watoto akatoka nje akauliza kwa upole, ule upole wenye kodi ndani yake, kwa nini kuku wake wako barabarani.

Jumamosi nikapanda Noah ya Matema, kupitia Ipinda. Jumamosi kwa makusudi, kwa sababu ni siku ya soko la vyungu pale Lyulilo, na nilihitaji stendi. Tripodi ni hela. Chungu ni bei ya watu. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu vya udongo vyenye nakshi, vinasifika mpaka mbali. Nikachagua cha mdomo mpana. Mama akauliza ninapika nini. Nikasema sipiki, nakijaza mchanga nilaze kamera juu yake. Akaniangalia. Akamwangalia mwenzake. Wakaongea Kikisi, wakacheka, na bei ikapanda palepale. Nikalipa bei ya mtu wa kuchekwa.

Nililala kwa ndugu, na alfajiri nikawa ufukweni. Wavuvi wa usipa ndio wanarudi, taa zao za usiku bado zinawaka, wanawake wanasubiri na mabeseni. "Ugonile?" "Ndaga." Watu wazuri. Tai wangu yuko juu ya mti karibu na mdomo wa mto Lufilyo, kifua mbele, anakagua mitumbwi. Nikalaza mtambo juu ya chungu, nikajilaza mwenyewe kwa tumbo kwenye mchanga wenye umande, nikaweka 1000. Kama namba kubwa ipo, kwa nini uchukue ndogo?

Nikarekodi. Nikaangalia. Nyeusi.

Hapa naomba nimlaumu mtu, na simpati. Matema iko kona ya ziwa, na mashariki yake imesimama Milima ya Livingstone, imenyooka juu moja kwa moja kutoka majini. Kwa wenzetu jua likichomoza limechomoza. Matema jua lazima kwanza lipande mlima. Watu wameshakunywa chai, jua bado liko upande wa pili linapanda. Na video ya mwendo wa pole inakula mwanga kuliko kitu chochote. Ukigawa sekunde vipande 1000, kila picha inapata mwanga wa kipande kimoja tu cha 1000. Asubuhi ya Matema haina mwanga wa kugawa hivyo.

Ubaya wa pili: hiyo 1000 yenyewe, kamera inabana picha iwe ukanda mwembamba, nukta 224 kwa 64. Jua lilipokuja niliona ukanda, na ndani ya ukanda tai hana kichwa wala miguu. Ana tumbo tu. Ukishusha mpaka 210 unapata 480 kwa 360, unaona ndege mzima. Kwa hiyo lile la kununulia kamera ndilo lisilotumika. Nikaweka 210, nikiwa nimenuna.

Wakati huo tai ameshakula. Amejisugua mdomo kwenye tawi, amelala. Mimi sijala.

Nilikuwa bado nimelala kwa tumbo, jicho kwenye kamera, bomba limeelekea ziwani, niliposikia mtu nyuma yangu anasema: "Weka silaha chini. Polepole."

Ukisikia maneno hayo umelala kwa tumbo, hakuna namna ya heshima ya kuinuka. Nikainua mikono, mdomo ukaingia mchanga. Mgambo. Rungu mkononi, na nyuma yake watoto wote wa kijiji, maana watoto hawakosi. Nikasema, "Afande, hii siyo silaha. Ni darubini. Inavuta mara 128." Akainama, akachungulia. Akakaa kimya. Akauliza, "Huu msalaba ni wa kanisa gani?"

Ndipo nikaambiwa, mbele ya watoto, kwamba ile ni darubini ya bunduki. Inafungwa juu ya bunduki, wewe unaweka msalaba palipo na roho ya mtu, unavuta. Vile vitufe vya katikati ni vya kusogeza msalaba, mpigaji akiona risasi inakwenda pembeni. Na lile pengo la kiganja lililonimalizia mianzi? Limewekwa ili bunduki ikirudi nyuma isikupasue nyusi. Mgambo aliyajua haya yote kutoka mafunzoni. Mimi niliyajua kutoka kwake, mikono juu. Shemeji yangu, mtu wa damu moja na mke wangu, alinipa kichwa cha bunduki badala ya jaketi.

Nikapelekwa ofisi moja ambayo siitaji. Walinipokea vizuri, nilipewa benchi. Ila swali lilikuwa moja, likaulizwa kwa sura mbalimbali: raia mwema anaelekeza kifaa cha kulengea ziwani, upande wa Malawi, kwa sababu gani? Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kwa shida zake nyingine kabisa, sijui mpaka wa shamba, akaona hapa ndipo pa kutoa historia. Akasema hili ziwa lina maneno. Kuna mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, na Malawi wanausoma kwamba mpaka uko ufukweni huku kwetu. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 likachemka tena, baada ya wenzetu kutoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani, mpaka akina mzee Chissano wa Msumbiji wakaingia kusuluhisha. "Kwa hiyo kijana," akasema, "ulipolala pale tumbo lilikuwa Tanzania. Bomba lilikuwa kwenye mgogoro."

Hakuishia hapo. Akashuka na ziwa mpaka Liuli. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaifuata meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Wakaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani hakujua kama vita imeanza, na yule Mwingereza alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Inasimuliwa kwamba alipanda kiboti, akapiga makasia mpaka kwenye meli, akafoka kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Wakamkamata. Mzee akanitazama. "Naye alikuwa na maelezo mazuri tu."

Kilichoniokoa ni kamera. Nikawawekea ile video ya ukanda, tumbo la tai. Wakaiangalia kwa makini. Mtu mmoja akauliza kama ni mkeka. Baada ya hapo wakakubaliana kwamba mtu wa namna hii hawezi kutumwa na nchi yoyote. Nikaachiwa kwa sharti kwamba nirekodi mgambo akiwepo.

Sasa jaribu wewe kurekodi ndege mwoga na mgambo amesimama kichwani kwako anatoa maelekezo. "Shoto. Shoto kidogo. Subiri. Pumua." Mchana nao una visa vyake. Joto linainuka juu ya maji, na kwenye bomba kila kitu kinacheza. Likipoa kidogo upepo wa mwera unaanza, mawimbi yanapanda, chungu kinatikisika. Muda mzuri ni mwembamba sana, kati ya jua kuvuka mlima na joto kuamka. Kwa hiyo nililala tena kwa ndugu, nikiwa sina hata mswaki.

Asubuhi iliyofuata nikampata mvuvi wa kunirushia samaki. Nilimnunulia usipa. Akarusha mmoja, tai akatazama, akageuza shingo. Mgambo akasema, "Hata mimi nisingeshuka." Mvuvi akasema tai wa hapa anataka samaki wa kueleweka. Samaki wa kueleweka alikuwa naye kwenye mtumbwi, na bei alikuwa nayo kichwani. Nikatoa nauli yangu ya kurudia.

Mvuvi akapiga mluzi, akarusha. Samaki akadondoka kwenye maji, ubavu juu, palepale nilipolenga. Nikabonyeza. Tai akaachia mti. Mabawa yale yakikunjuka ni mita mbili, na bado hayakupiga kelele. Akashuka akiteleza, chini kabisa, nikaona hata kivuli chake majini. Mgambo akaanza kuhesabu kwa sauti, sijui anahesabu nini. Maji yakaruka. Tai akapanda na samaki. Watoto wakashangilia. Mimi machozi yalinitoka, sijui ni mchanga.

Kijiweni walikuwa wamejipanga. Tukaunganisha kamera kwenye televisheni ya mwenye duka. Jambo la kwanza, hakuna sauti. Kamera hii ikiwa kwenye mwendo wa pole hairekodi sauti kabisa, kwa hiyo ule mlio wa tai unaosikika kilomita na kilomita, wapi. Wakadhani televisheni imekufa, wakaipiga ubavu. Jambo la pili, giza la mwanzi lilikuwa limeichanganya kamera. Ilidhani kila kitu ni cheusi, ikaongeza mwanga, kichwa na kifua cha tai vikaungua vikawa doa jeupe tupu. Mtu akauliza kama ni mfuko wa rambo unaopeperuka.

Lakini mwendo, jamani. Huo ulikuwepo. Sekunde moja imekuwa saba. Maji yanafumuka tone moja moja, bawa linajikunja ncha kwanza halafu kiwiko, mkia unafunguka kuvunja mbio. Kijiwe kizima kimya. Anashuka. Anashuka. Anafika kwa samaki. Na palepale anapofika, ule msalaba, ule unene wake wa chini, umesimama wima juu ya miguu yake. Umeifunika kisawasawa. Mdomo ndio huo doa jeupe. Ukitaka unaona mdomo umeinama, ukitaka unaona miguu imetangulia. Tukarudia. Tukarudia tena. Boda akasema mnaona sasa. Mwalimu akasema mnaona sasa.

Mtu mwingine aliweka kipande hicho kwenye kundi la WhatsApp. Tai, msalaba kifuani. Nimeulizwa nyama yake ina ladha gani. Nimeulizwa kama naijua Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Mchungaji amenitumia emoji ya mikono iliyofumbatana, bila maneno. Nataka kuliuza hilo bomba, lakini mgambo ananishauri kwanza nipite polisi niulize kama ile sheria ya silaha ya 2015 inanihusu. Kupita polisi na kichwa cha bunduki mkononi ili kuuliza kama nina kosa, huo ushauri naufikiria bado.

Mwalimu alinisubiri tukiwa wawili. "Kijana, nne ndiyo ukuzaji. Thelathini na mbili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Inavuta mara nne tu."

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Hukuuliza. Ulitangaza."

Wewe unayekwenda Matema na kamera, chukua darubini ya kawaida, ya macho mawili, isiyo na msalaba, na uende wakati jua limeshavuka mlima. Chungu ninacho, nakiazimisha, mchanga utatafuta mwenyewe.

Kuhusu dau, kijiwe kiliamua kwamba ushahidi haukutosha kumshinda mtu yeyote, kwa hiyo wote wawili wameshinda. Wali na mbasa nililipa mimi. Sahani mbili, na Mwalimu aliongeza mchuzi.